Ufa Wenye Mwenyewe

Ipo nchi, na usiulize iko wapi, maana kila utakayemuuliza atakuonyesha dirishani kwake. Nchi hiyo ilikuwa na milima, mito, bendera na Wizara ya Utulivu, na ilikuwa na sheria nzuri kupita zote duniani. Wageni walikuja kuzitazama sheria hizo kama wanavyokwenda kutazama tembo. Walipiga nazo picha, wakarudi kwao.

Iliyopendwa zaidi ilikuwa Sheria ya Uwazi. Ilisema kila kampuni ikaguliwe kila mwaka, na kila mkaguzi aandike mwishoni mwa ripoti yake Ukurasa wa Hatari. Hapo aeleze wazi ni kitu gani kinaweza kuiangusha kampuni aliyoikagua, ili mwananchi asome, ajue, ajihadhari. Kama sheria ingeishia hapo ingeleta fujo. Kwa hiyo wataalamu waliongeza kifungu cha tisa: hatari yoyote isitajwe mpaka ipate mwenyewe, na mwenyewe huyo aweke sahihi na picha mbili za pasipoti.

Tangu siku hiyo nchi ikawa na hatari ndogondogo tu, zilizofugika. Kampuni ya majeneza iliandika kwamba watu wanaweza kuacha kufa, na mwenye hatari alikuwa mpika chai. Kampuni ya mabasi, ambayo mabasi yake yalisimama kwa kugonga kitu, iliandika kwamba abiria wa siku hizi wanasafiri na mizigo michache. Mlinzi wa getini akasaini. Kiwanda cha biskuti kilihofia watu kung'oka meno. Aliyesaini hapo alikuwa mfagizi, kibogoyo, na watu walisema angalau huyo anaijua hatari yake.

Hizza Mwegelo alikuwa mkaguzi wa hesabu katika kampuni ya Mtopwa na Wenzake. Wenzake hawakuwahi kuonekana. Hizza alikuwa na miaka hamsini na miwili, miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabia moja mbaya: alikuwa akisoma alichoandika kabla ya kukisaini.

Kila mwaka alikagua Kampuni ya Maji na Mwanga. Mali kubwa ya kampuni hiyo ilikuwa ukuta wa bwawa lililo mlimani, na kanuni ilitaka mkaguzi aione mali kwa macho yake. Kwa miaka kumi na mitatu Hizza aliuona ukuta huo kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Julai, akaandika: "Umeonekana." Vitabuni ukuta ulisomeka kuwa mpya, kwa sababu ulipakwa rangi kila mwaka, na kwa hesabu za nchi ile kitu kilichopakwa rangi ni kipya.

Mwaka huo kalenda ilitoka na uso wa Mkurugenzi Mkuu katika miezi yote kumi na miwili. Januari alitabasamu, Februari alitafakari, Julai alikuwa ameshika simu. Hizza alifungua kurasa zote, ukuta hakuuona. Ikambidi afunge viatu aende mlimani.

*

Alimkuta Mzee Athanasi Kindamba, mpaka rangi wa bwawa, amekaa juu ya debe akitazama ukuta kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kalenda?"

Hizza aliona haya. Alikohoa, akauliza, "Mbona sehemu ile pale hujaipaka?"

"Nimeipaka. Naipaka tangu Jumatatu. Madebe manne yameingia mle, na halijatoka hata tone."

Walisogea. Kutoka mbali ulikuwa mstari mweusi, kama mtu amejaribu kalamu. Karibu, ulikuwa ufa uliopanda kutoka chini ya ukuta mpaka juu ya vichwa vyao.

"Nilipoanza kazi ulikuwa kama unywele," alisema Mzee Athanasi. "Nilipomwoza binti yangu wa kwanza ukaingia kidole. Sasa tazama." Alichomeka mkono, ukazama mpaka begani. Alipoutoa ulikuwa unachuruzika. "Hebu weka sikio."

Hizza aliweka sikio. Ndani ya ukuta kulikuwa na sauti nzito, ya polepole, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

"Umemwambia nani?"

"Wote."

"Wakasemaje?"

"Wakaniongezea rangi."

Hizza aligeuka. Chini, bondeni, ulionekana mji wa Tulizana, watu elfu kumi na moja, moshi wa mchana ukipanda jikoni. Aliweza kuliona bati la buluu la mgahawa wa mdogo wake, Zamoyoni, aliyekuwa akiwapikia wanunuzi wa mahindi na kulea watoto watatu peke yake.

"Masika yakianza na bwawa likajaa, itakuwaje?" aliuliza.

Mzee Athanasi alifuta mkono kwenye suruali. "Mimi nyumba yangu nimejenga kule juu, kwenye makaburi," alisema. "Watu wa bondeni wananicheka, wanasema nimekwenda kupanga na marehemu."

Masika yalikuwa yamebakiza wiki sita.

*

Hizza aliandika Ukurasa wa Hatari kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeyaelewa: ukuta wa bwawa umepasuka, mvua kubwa ikinyesha utaanguka, na ukianguka mji wa Tulizana utakwenda na maji, na kampuni itakwenda nao. Alimpelekea Bwana Mtopwa.

Bwana Mtopwa aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena.

"Ndugu yangu Hizza, una ugomvi na mtu?"

"Hapana, bosi."

"Mke mzima?"

"Mzima."

"Basi hapa kwenye mwenye hatari mbona pako wazi? Ufa huu wa nani?"

"Wa kampuni."

"Kampuni haina mkono wa kusainia. Nitafutie mtu. Ukimkosa, andika ile ya mwaka jana: vyura wanaweza kuzidi bwawani. Ile ilipendwa sana."

Hizza akaenda kwa Mkurugenzi Mkuu, Daktari Injinia Fidelisi Mangula-Mbili, mtu aliyejaza picha zake ukutani na mwenyewe akiketi chini yake, hata ukiingia huna pengine pa kutazama. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole mkubwa, akafungua kabati, akatoa karatasi.

"Bwana Mwegelo, hii ndiyo hati niliyokabidhiwa siku naingia ofisini. Soma hapo. 'Ukuta, mmoja.' Ufa umo?"

"Haumo, mheshimiwa."

"Haumo. Sasa unataka nisaini kitu ambacho sikukabidhiwa? Huo ni wizi. Mimi sijawahi kugusa mali ya umma isiyo kwenye orodha."

"Mheshimiwa, kuna watu elfu kumi na moja bondeni."

"Na hao pia sikukabidhiwa."

Alikwenda Wizara ya Utulivu. Alikaa kwenye benchi siku nne, na siku ya tano aliitwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Eleuteri Kasongwa. Waziri alikuwa na sauti ndogo, na watumishi wake walitembea bila viatu ili wamsikie.

"Nimesoma," alisema Waziri. "Umeandika vizuri, unaeleweka. Hilo nalo tutaliangalia. Lakini nikuulize, mkaguzi. Ukuta ni wa nani?"

"Wa taifa, mheshimiwa."

"Sawasawa. Na taifa zima linauona ukuta?"

"Linauona."

"Ufa je, nani ameuona?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Ukuta ni wa taifa," Waziri alisema, akimrudishia karatasi. "Ufa ni wa aliyeuona. Nenda salama, na uangalie ngazi, imevunjika."

Hizza aliteremka akiishika ngazi hiyo kwa mikono miwili. Nje palikuwa na mpiga picha wa barabarani. Alikaa kwenye stuli yake, akapiga picha mbili za pasipoti.

*

Ripoti ikatoka. Ukurasa wa Hatari ulikuwa kamili, haukupunguzwa hata nukta, kwa sababu ulikuwa na mwenyewe: Hizza Mwegelo, mkaguzi, na picha yake akiwa amekunja uso kwa jua. Aliwaza: sasa watasoma, watafunga virago.

Walisoma. Gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa: UFA WAPATA MWENYEWE. Wizara ilimpa cheti chenye fremu. Mkurugenzi Mkuu alimpigia simu kumpongeza, akamwomba awe anakuja mapema kuukagua ufa wake, maana wapaka rangi hawatauhudumia tena bila kibali chake. Bwana Mtopwa alimwachisha kazi siku hiyohiyo, kwa huzuni, kwa sababu mkaguzi haruhusiwi kuwa na maslahi katika kampuni anayoikagua, na mtu mwenye ufa mkubwa vile ana maslahi.

Hizza akapanda basi mpaka Tulizana. Alikuta mji mchangamfu kuliko alivyouacha. Familia mbili tatu zilizokuwa zimeanza kufunga mizigo kwa kumwamini Mzee Athanasi zilikuwa zinaifungua. Fundi mmoja alikuwa anapiga msingi mpya mtoni kabisa.

Zamoyoni alimpokea kwa sahani ya wali na maharage, na kwa majivuno yasiyo na kificho.

"Kaka, mji mzima wanakusema wewe. Leo sijalipia hata mkaa."

"Zamo, funga mizigo. Chukua watoto mwende juu."

"Twende juu kufanya nini?"

"Ukuta utaanguka!"

Wateja waliacha kula. Mmoja, mnunuzi wa mahindi mwenye tumbo, alicheka. "Mkaguzi, si umeusaini?"

"Nimesaini kwamba upo."

"Ndiyo hivyo. Zamani tulikuwa tunaogopa kwa sababu haukuwa na mwenyewe. Sasa uko mikononi mwa mtu msomi. Tuna picha yako."

"Sahihi haizibi ufa, ndugu zangu."

"Kama haizibi," Zamoyoni aliuliza, akiwa ameshika mwiko kiunoni, "sasa wewe ulisaini nini?"

Walimcheka mpaka akaacha wali. Alizunguka mji siku tatu, nyumba kwa nyumba. Kila mlango walimkaribisha, walimsikiliza, walimpa chai, wakamwambia wanamwamini. Hakuna aliyehama. Jioni ya siku ya tatu aliketi kwenye ngazi za posta akitazama wingu la kwanza la masika likikaa juu ya mlima, na akaona kwamba ameua watu elfu kumi na moja kwa kuwatuliza.

*

Akaisoma tena ile sheria. Kama nilivyosema, Hizza alikuwa na tabia ya kusoma. Kifungu cha kumi na saba, ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kwa sababu kilikuwa ukurasa wa pili, kilisema: "Mwenye hatari atakuwa na mamlaka kamili juu ya eneo lote linaloweza kufikiwa na hatari yake."

Aliweka mkono kinywani. Kisha alikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya na ile ripoti yenye mihuri. Karani alipima kwa rula eneo ambalo maji yangefika, akakuta ni Tulizana yote, shule, soko, kituo cha polisi na makao ya Chama. Aligonga muhuri. Hakuona ajabu yoyote. Alikuwa ameshagonga mihuri mingi zaidi ya ajabu.

Watu wa nchi ile hawakuogopa mafuriko, hawakuogopa moto wala tetemeko. Kitu kimoja tu kiliwatoa damu usoni: alama ya X nyekundu ukutani, ile inayopigwa na wenye mamlaka juu ya nyumba itakayobomolewa. Hizza aliwajua, kwa kuwa naye ni wa nchi ile. Alipanda mlimani kwa Mzee Athanasi.

"Mzee, una rangi nyekundu?"

"Debe sita. Waliniletea kwa makosa. Ya nini?"

Alipomweleza, mzee aliketi tena juu ya debe lake. "Watakuchukia," alisema.

"Najua."

"Si kidogo. Watakuchukia mpaka ukoo."

"Lete brashi."

Walianza alfajiri. Kufikia adhuhuri nyumba mia nne zilikuwa na X, na chini ya kila X Hizza alibandika karatasi: "Nataka eneo langu. Siku saba. Mwenye Eneo." Aliandika kwa ukali aliokuwa ameusoma kwenye barua za wengine miaka yote. Hakusema neno la ufa wala la mvua. Watu waliokuwa wamempa chai walitoka nje, wakatazama kuta zao, wakapiga mayowe.

"Kumbe ndiyo maana alisaini!"

"Alikuwa anautaka mji, mshenzi huyu!"

"Tulimlisha!"

Nyumba ya Zamoyoni aliiacha ya mwisho. Zamoyoni alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Na mimi?" aliuliza. "Na mimi, kaka?"

Hizza hakuweza kumtazama. Alichovya brashi, akapiga mstari wa kwanza, akapiga wa pili. Zamoyoni alitema mate kwenye rangi mbichi.

Kufikia siku ya tano Tulizana ilikuwa inahama. Kuku, magodoro, mageti yaliyong'olewa, wagonjwa kwenye mabaiskeli, vyote vilipanda kilima kuelekea makaburini, na kila aliyempita Hizza njiani alimwachia laana. Mwanamke mmoja alimpiga kwa kandambili. Alisimama pale pale, akihesabu vichwa kimoyomoyo, na alipofika elfu nane mvua ilianza kunyesha mlimani, bado si kubwa.

*

Siku ya sita walikuja polisi. Kosa liliandikwa: "Kumiliki hatari kupita mahitaji yake na ya familia yake." Kwa kuwa kosa lilihusu ardhi ya Tulizana, kanuni ilitaka mshitakiwa awekwe rumande Tulizana. Wakamfungia kwenye kituo cha polisi, ambacho nacho kilikuwa na X mlangoni.

Kesho yake Waziri wa Utulivu alisafiri mwenyewe mpaka makaburini. Hizza aliisikia hotuba kwenye redio ya Koplo Majuto, aliyekuwa zamu.

"Wananchi," ilisema ile sauti ndogo, ikiwa imekuzwa kwa vipaza sauti mpaka ikakwaruza, "serikali yenu haitakubali mnyonge afukuzwe kwake na ufa wa mtu binafsi! Leo hii narudisha Tulizana kwa wenyewe. Malori arobaini yapo hapo, bure. Bendi ipo hapo, bure. Na ule ufa tumeutaifisha. Mnaniona mimi, Kasongwa? Mtaingia majumbani mwenu leo, mtalala vitandani mwenu!"

Watu walishangilia mpaka redio ikatetemeka mezani.

"Amefanya jambo la maana," alisema Koplo Majuto, akichokonoa meno. "Mke wangu alikuwa analala kwenye turubai na mama yangu. Unajua maana yake hiyo?"

"Koplo," Hizza alisema kutoka nyuma ya nondo, "mwambie mkeo abaki na mama yako."

"Hebu kaa kimya, mpora mji."

Mvua mlimani ilikuwa imefikisha siku ya tatu bila kupumzika. Bondeni kulikuwa na jua, jua kali la uongo, na mto uliokuwa ukipita nyuma ya kituo ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa.

Saa tisa alasiri Zamoyoni aliingia na bakuli lililofunikwa kwa kanga. Alikuwa amekonda. Alilisukuma bakuli chini ya nondo bila kumtazama.

"Kula. Mama asije akaniuliza kaburini."

"Zamo. Umerudi na watu? Umekuja na malori?"

"Malori?" Alicheka vibaya. "Nilipokwenda kupanda lori, walinishusha. Majirani zangu, Hizza. Wale niliowakopesha wali. Walisema dada wa mpora mji asikanyage tena Tulizana, na wakikiona kizazi chake watakichoma. Mgahawa wameuvunja vijana waliotangulia asubuhi. Nimepita pale sasa hivi, hakuna hata benchi."

"Watoto wako wapi?"

"Kule juu. Kwa yule mzee wako wa rangi, katikati ya makaburi. Tutakaa huko kama fisi, kwa sababu yako."

"Wote watatu?"

"Wote watatu! Nikuambie mara ngapi? Sina pa kwenda. Sina mji. Umefurahi?"

Hizza aliuma midomo. Alitazama chini, akatazama ukuta, akajaribu kufikiria jambo la kusikitisha, na yalikuwepo mengi, na bado uso ulimshinda. Ulimfunguka wote, kama wa mtu aliyeletewa habari ya mtoto kuzaliwa.

Zamoyoni alimwona. Alirudi nyuma hatua moja.

"Unanicheka?"

"Zamo, nenda. Nenda sasa hivi, usipite mtoni, pita njia ya shule."

"Unanicheka mimi! Hayawani! Koplo, mmeona mtu huyu?"

"Tunamwona tangu jana," alisema Koplo.

"Usije kwenye msiba wangu! Usije kwenye harusi ya mwanangu! Mimi sina kaka!" Alitoka akibamiza mlango, na nje akaendelea, akipanda njia ya shule, akiwatangazia wapita njia kwamba aliyemo mle ndani alizaliwa kwa bahati mbaya, kwamba hata kaniki iliyompokea ilikuwa ya kuazima.

Kutoka upande wa pili wa mji ikaja bendi, tarumbeta mbele na ngoma nyuma, na honi za malori arobaini yakiteremka, watu wakiimba juu ya magodoro yao. Koplo Majuto alivaa kofia akakimbia nje kumpokea mkewe.

Hizza alishika nondo akatega sikio kilimani, si kwa bendi. Sauti ya Zamoyoni bado ilikuwepo. Mwizi. Mchawi. Mlaaniwa. Kila tusi lilisikika dogo kuliko lililotangulia, na Hizza aliyapokea yote moja moja kwa macho yaliyofumbwa, maana kila moja lilitoka juu zaidi kidogo.